Mbegu ya Amuge

Mvua za mwaka ule zilichelewa, na miche ya mpunga ya Akurut ikarefuka kupita kiasi kitaluni. Kabla ya kuipandikiza bondeni, karibu na Malaba, aliikata ncha kwa mundu ili upepo usiilaze. Alikata huku akiimba.

Mbegu ya mpunga huo aliletewa na bintiye Amuge, aliyekuwa ameolewa Bunyala, ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso. "Mama, jaribu hii. Inanukia hadi kwa jirani." Mwaka uliofuata homa ikamchukua Amuge. Tangu hapo Akurut hakupanda mpunga mwingine. Kila mavuno alijichagulia masuke yaliyojaa, akaweka akiba. Msimu ule panya waliivamia akiba, na punje walizobakisha alizipanda zote.

Wiki ya tatu majani yakaanza kukauka kuanzia ncha, rangi ya majani makavu ikiteremka kwa mawimbi kandokando ya jani. Miche mingine ilinyauka mizima. Akurut alidhani ni njaa ya mbolea, akatia mbolea. Ugonjwa ukaenea kasi zaidi.

Maurine, afisa wa kilimo, alikuja asubuhi. Alikata jani moja, akalichovya kwenye glasi ya maji safi. Wakangoja. Kutoka pale palipokatwa ukatoka uzi mweupe kama maziwa, ukateremka polepole.

"Hao ni bakteria, mama. Wanakaa kwenye maji na magugu, wanatafuta mahali pa kuingilia. Wakishaingia, wanazaana ndani ya mishipa inayopitisha maji mpaka inaziba. Jani linakufa kiu na limesimama majini." Akashika jani jingine, akaitazama ncha yake. "Miche uliikata ncha?"

"Niliikata. Huku sisi wote tunakata."

"Kila palipokatwa ni kidonda. Ndiyo mlango wao. Itabidi kung'oa shamba lote."

Akurut aliitazama mikono yake. "Nibakishie hata kipande kidogo. Nipate mbegu tu."

"Mbegu ya shamba lililougua haiwekwi, mama. Siwezi kukudanganya."

Emukule, mwenye shamba la chini yake, alikuwa amesimama kwenye tuta. Mpunga wake ulikuwa bado kijani. Alivua kofia.

"Mama Amuge," alisema, "maji yakitoka kwako yanakuja kwangu. Mimi siwezi kukwambia ung'oe. Najua hiyo ni ya nani."

Akurut aliingia matopeni, akaziba mfereji kwa udongo, kisha akashika shina la kwanza akaling'oa. Emukule akafuata. Waling'oa hadi jua la utosi. Walipoulundika mpunga pakavu, Akurut alikaa kando ya lile rundo, akalipakata fungu moja lenye matope, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi. Siku ile alikuwa na wageni wa kupikia.

Uliponyauka wakauchoma.

Shamba la Emukule lilipona, isipokuwa pembe moja. Siku ya kuvuna Akurut alienda kumsaidia, kama jirani. Maurine alimletea mbegu nyingine, inayostahimili ugonjwa ule, akamwonyesha namna ya kupandikiza miche ikiwa michanga, bila kukata. Ilimea vizuri sana. Watu walipomsifia alishukuru.

Wali wake wa kwanza haukunukia; aliwapakulia wote nyumbani wakashiba. Yeye alisema hana njaa, akatoka akaenda kusimama nyuma ya jiko.