Swali la Mwisho la Mtihani wa Uraia

Mtahiniwa aliingia tumbo mbele, na Mwalimu akahisi damu ikimchemka. Huyu ndiye aliyevuka mpaka akamteka akili mwanawe wa pekee, na leo anataka na uraia! Kanuni ilimtaka amwambie Mkuu wa ofisi, aliyeketi kando yake, kwamba huyu ni mkwewe. Hakusema. Angemwitaje mkwe, ilhali moyoni hajamkubali hata chembe? Tena alikuwa na lake jambo: binti akianguka mtihani, kibali kinakwisha, anarudishwa kwao.

Akamtwanga maswali ya serikali: nani hutunga sheria, nani huzitia saini, jaji huondolewaje. Binti akajibu yote. Lugha za nchi akazitaja kubwa kwa ndogo, hadi ile iliyobaki kwa wazee wachache wa milimani. Mkuu akaridhika, Mwalimu akazidi kununa. Muhula mzima alikuwa amemfundisha mwenyewe katika darasa la uraia bila kumwita jina hata siku moja.

Likabaki swali la utamaduni. Akachagua lile ambalo watu wa upande wa pili wa mpaka hulikosea, kwa kuwa kwao mgeni hueleza shida yake kwanza.

"Mgeni akibisha hodi, sisi tunafanyaje?"

"Kitabuni au nyumbani?"

Mkuu akacheka, akamwambia aseme kote kuwili.

"Kitabuni anapewa kiti kabla ya kuulizwa lolote. Nyumba niliyofikia mimi, niliachwa nimesimama mlangoni na mimba hii, nikaulizwa mtoto atazungumza lugha gani. Nikasema mbili. Mlango ukafungwa."

Kicheko cha Mkuu kikakatika. Akataka kujua ni nani huyo asiye na haya. Mwalimu akashusha macho. Neno moja tu, na kazi yake imeota mbawa.

Binti akamkazia macho makavu, yasiyo na chembe ya huruma. "Sijui nimwiteje," akasema. "Hajaniambia."

Mkuu akamgeukia Mwalimu. Kitabu hakikuwa na jibu la namna hiyo; je, apewe alama au anyimwe?

Mwalimu alitaka kusema anyimwe. Alitaka kwa roho yake yote.

"Amejibu sahihi," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Binti akainuka kwa shida, mkono kiunoni. Hakushukuru, hakuaga. Mkuu alipomfungulia mlango, Mwalimu akajikuta naye amesimama, asijue akae au amfuate.