Mkoba wa Mzee Futi

Kama si muuguzi kusimama katikati, Kidole angempiga kaka yake kwa ule mkoba pale pale kwenye korido ya zahanati, mbele ya wagonjwa na ndoo ya kudekia. Na usimwonee huruma kaka mtu mapema. Sikiliza kwanza.

Ndani ya chumba cha matibabu baba yao alikuwa amelazwa chali, anaoshwa jicho la kushoto kwa maji, chupa ya tatu sasa. Jicho hilo ndilo lililobaki na mwanga. La kulia lilishafunga kazi tangu mwaka juzi. Kwa la kushoto mzee aliweza kujua dirisha liko wapi na kama kuna mtu amesimama mlangoni. Si kingi, lakini ndicho alichokuwa nacho. Na leo adhuhuri alikuwa amelitia mafuta ya cherehani, matone mawili, kwa mkono wake mwenyewe, akidhani ni dawa.

"Mnaona sasa?" kaka mtu alikuwa akisema huku anaweka tai yake sawa. "Nilisema tangu zamani. Mzee si wa kuachwa peke yake mchana kutwa. Jumamosi naleta gari, anahamia kwangu. Hakuna tena mjadala."

Tangu utotoni walimwita Bosi kwa utani, kwa sababu hata kucheza alikuwa anapanga wenzake nani akae wapi. Siku hizi alikuwa bosi kweli, mwenye ofisi na meza ya kioo, na utani ukawa umeisha utamu.

Macho ya Kidole yalikuwa kwenye mkoba wa baba ambao muuguzi alikuwa amemkabidhi. Aliupapasa mbele, akaugeuza, akapapasa nyuma. Ulikuwa umenyolewa. Palipokuwa na ua palibaki vitundu vya sindano na nyuzi mbili tatu zinazoning'inia.

"Nani amefumua huu mkoba?"

"Mimi," Bosi akasema bila kupepesa macho. "Nimetumia kiwembe chenu wenyewe, pale mezani kwa mzee. Ulitakiwa unishukuru."

Hapo ndipo muuguzi aliposimama katikati.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana asiyejua habari ya mkoba huu atadhani Kidole ana wazimu. Baba yao alikuwa fundi cherehani miaka arobaini. Waliomjua walimwita Mzee Futi kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, hata msibani alikwenda nayo. Macho yalipoanza kumtupa aliacha kushona, akabaki na masikio. Ukimkanyagia cherehani yako mara tatu, anainamisha kichwa, kisha anakwambia skrubu gani imelegea na wapi panalia ukavu. Washona nguo wa mtaa mzima walimtegemea. Alizunguka nyumba hadi nyumba na fimbo yake, bisibisi, brashi na mafuta, na jioni alirudi amenyooka mgongo kama mtu aliyetoka kazini, kwa kuwa alikuwa ametoka kazini.

Shida ilikuwa chupa. Mafuta yake aliyaweka kwenye vichupa vitupu vya dawa ya macho, kwa vile midomo yake inadondosha tone moja moja bila kumwaga. Kidole alimsihi atafute chupa nyingine. Mzee akasema chupa nyingine zote zinamwaga, na akafunga mdomo. Ukitaka kujua ubishi unatoka wapi katika familia hii, usiende mbali.

Basi Kidole akamshonea mkoba. Mchana alikuwa kiwandani anashona sare, mikono na kola, kola na mikono, kwa hiyo mkoba aliufanya Jumapili, tatu mfululizo. Mwili aliukata kwenye jinzi nzito. Ndani akatia bitana ya mistari, ambayo mzee asingeiona, lakini yeye alitaka iwepo. Mishikio aliifanya mirefu ipite begani, akaipigia mshono wa mraba wenye msalaba katikati ili isinyofoke kwa uzito wa bisibisi. Kisha mifuko mitano: mitatu mbele, miwili nyuma.

Na kila mfuko akaupa alama yake. Wa funguo aliushonea kifungo kikubwa cha koti la marehemu mama. Wa simu, safu ya ushanga. Wa bisibisi na brashi, msuko wa kamba. Wa mafuta aliupiga lesi ngumu yenye meno. Na wa dawa ya macho alitarizi ua la petali tano kwa uzi mnene, akarudia juu yake mara tatu mpaka likainuka, mtu alipate kwa kidole hata kwenye giza totoro.

Mzee Futi enzi zake hakupenda mapambo hata chembe. Mteja akitaka lesi alimwambia aende kwa mpika keki. Alipoupapasa mkoba mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Binti yangu, umenifanya bibi harusi." Lakini siku ya pili vidole vilikuwa vimeshajua njia. Alizunguka chumbani anajisemea: ua, dawa, lesi, mafuta, kifungo, funguo. Miezi sita alitembea nao na hakukosea hata mara moja.

Jumapili iliyopita Bosi alikuja kusalimia. Akasema mkoba umechafuka, atautoa ukafuliwe. Kidole akamshukuru. Hilo ndilo lililomchoma baadaye, kwamba alimshukuru, tena kwa moyo mweupe. Leo asubuhi, Kidole akiwa kiwandani na mzee bado amelala, aliurudisha na kuufumulia pale mezani.

"Watu wa ofisini walimwona barabarani," Bosi alieleza sasa, pale koridoni, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. "Walivunjika mbavu. Baba yangu mimi na mkoba wa maua begani! Nikasema niutoe huo urembo, ubaki mkoba wa kiume. Mkoba si upo? Mifuko si ipo yote mitano?"

"Na vitu ulivirudisha vipi?"

"Vipi ni nini? Nilivirudisha mifukoni."

"Mfuko upi?"

Ilionekana wazi kuwa swali lenyewe halikuwahi kumpitia Bosi kichwani.

Mzee alisikia kutoka ndani. "Nilidhani wewe ndiye umefumua, mwanangu," akamwambia Kidole, sauti yake imelegea. "Nikajua unataka kuyatengeneza mapambo upya. Nikahesabu mifuko kutoka kulia."

Hasira zilimpanda Kidole. Mwenye ofisi ameharibu, na uharibifu ule ule ameugeuza ushahidi. Ameyang'oa macho ya baba yake kwa kiwembe, halafu anasimama hapo na tai yake anasema mnaona, mzee haoni!

"Sikujua," Bosi akasema.

"Hukuuliza! Miezi sita anaubeba, miezi sita unapita unasalimia, hujawahi kumuuliza baba hata siku moja ua hili ni la nini. Wewe unajua kupanga watu tu."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Muuguzi akawatoa wote wawili nje. Jicho litapona, alisema, bahati yenu, lakini litafungwa siku mbili.

Siku hizo mbili Kidole hakwenda kiwandani. Mzee alikaa kitandani na bandeji yake, hana hata dirisha. Kidole alitoa lesi, akatoa nyuzi, akataka kuanza ua upya, na mzee akamzuia.

"Acha. Uache hivyo hivyo mpaka Jumamosi."

"Jumamosi anakuja kukuchukua, baba!"

"Najua siku za juma."

Kidole akatoka nje akaupiga mlango. Sasa alikuwa na hasira na wote wawili. Aliona mzee amekata tamaa, amekubali kwenda kukaa kwenye chumba cha nyuma cha mtu, asikilize redio na kuletewa chakula kwa sinia, na cherehani za mtaa zilie ukavu mpaka zife. Alifua mashuka ambayo hayakuwa machafu, akayakamua kama shingo ya mtu unayemjua.

Jumamosi Bosi alifika na gari na masanduku mawili matupu. Akamkuta mzee amekaa kwenye kigoda chake cha kazi, bandeji imetoka, futi shingoni.

"Dirisha lile pale," mzee akasema, akalinyooshea kidole, na kweli lilikuwa pale. "Karibu. Kaa."

"Baba, dereva anasubiri."

"Kaa, mwanangu. Kidole, lete kopo la vifungo."

Kidole akaleta. Mzee aliingiza mkono, akachakurachakura, akatoa kifungo kikubwa cheusi chenye matundu manne. Akamkabidhi Bosi, na sindano, na uzi, na mkoba.

"Mimi sikatai kuhama," akasema. "Unasema utanitunza. Vizuri. Basi nishonee kifungo kimoja, kwenye mfuko wa funguo. Siku nitakayokigusa nisikwambie fumua, siku hiyo nafunga nguo zangu na naingia kwenye gari lako, wala hutasikia neno."

Bosi akacheka. "Kifungo kimoja tu?"

"Kimoja tu."

Mtu mwenye meza ya kioo alitumia dakika nzima kuingiza uzi kwenye tundu la sindano. Kidole alisimama ukutani, mikono kifuani, na hakumsaidia. Kifungo cha kwanza kilicheza kama jino bovu. Mzee alikigusa kwa dole gumba.

"Fumua."

Cha pili kilishika imara, ila sindano ilikuwa imepita mpaka nyuma, ikafunga na mdomo wa mfuko. Mzee alijaribu kuingiza mkono, ukakwama. "Umenifungia funguo zangu nje. Fumua."

Dereva akapiga honi. Bosi akatoka kumwambia asubiri, akarudi bila koti, tai ameitupia begani. Alijichoma mara mbili, akajinyonya kidole, akatukana chini kwa chini. Cha tatu mzee alikigusa mara moja tu.

"Fumua."

Bosi akaushusha mkoba mapajani. Aliviangalia vile vitundu vya sindano kwenye jinzi, vitano vitano, palipokuwa na ua. Alipozungumza hakumtazama mtu.

"Baba. Ua lilikuwa la nini?"

"Dawa."

"Na ile lesi?"

"Mafuta."

Bosi aliinama, akaanza cha nne, polepole sasa, akiweka mkono mmoja ndani ya mfuko kuzuia sindano isipite. Kidole aliona jasho linamtiririka puani. Hakumwonea huruma, na radhi bado haijaombwa, lakini jicho lake la fundi halikuweza kujizuia kutazama. Alimwona anazungusha uzi chini ya kifungo mara nne, kama inavyotakiwa, kitu ambacho hakuna aliyemfundisha leo; lazima alikiona utotoni, chini ya meza hii hii. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akampa baba yake.

Kifungo kilikuwa kizuri. Kidole alijua tangu alipokitazama. Kilikaa katikati, kimesimama vizuri na hakilegei, kifungo ambacho msimamizi wa kiwandani angekipitisha bila kukitazama mara mbili.

Mzee Futi alipitisha dole gumba juu yake. Akakivuta. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa, akarudisha dole gumba juu ya kifungo, na safari hii akaliacha hapo muda mrefu. Nje honi ililia tena.

"Fumua," akasema.

Kidole, aliyeelewa sasa kuwa hakuna kifungo kitakachopita, akavuka chumba, akachukua kiwembe mezani, akampa kaka yake.