Bakuli Lililolambwa

Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, saa moja na robo asubuhi, ndipo Fundi Kufuli alipogundua kwamba bakuli lilikuwa likimdanganya. Alikuwa amesahau koleo nyumbani, akarudi kulifuata, na mlango ulipofunguka akamwona paka mwekundu wa jirani akichupa dirishani huku akijilamba masharubu. Bakuli alilolijaza nusu saa iliyopita lilikuwa jeupe pe. Wifi, paka wake mwenyewe, alikuwa amejikunja chini ya kitanda palepale alipomwacha, macho nusu wazi, nusu yamefumba.

Jina hilo alipewa na marehemu mkewe. Fundi alimleta yule paka ndani ya sanduku la vifaa, mdogo kama ngumi, na tangu siku ya kwanza akawa anakaa juu ya kabati akimtazama mke wa fundi kana kwamba amekuja kukagua usafi. "Huyu si paka, huyu ni dada yako," mke alisema, na jina likaganda. Sasa mwaka wa pili tangu mke azikwe, na Wifi ndiye pekee aliyemwitikia fundi akiingia.

Akapiga magoti. Mbavu zilihesabika. Mara ya mwisho alimwona akitafuna lini? Jumatatu? Jumapili? Kila jioni alikuta bakuli tupu, naye akalala na moyo mweupe.

Jirani mshonaji, aliyekuwa shoga wa marehemu, alikuja mbio aliposikia paka wake akitukanwa.

"Shemeji, nitukane mimi. Huyo maskini hata kusoma hajui."

"Mimi mwenyewe kusoma kwangu kwa kubahatisha, lakini siibi! Kamlia Wifi riziki yake wiki nzima!"

"Wiki?" Kicheko kikamkauka. Akalivuta sikio la Wifi kwenye mwanga. Kwa ndani lilikuwa limepiga umanjano, kama karatasi ya zamani. "Mpeleke kwa daktari wa wanyama. Sasa hivi."

"Akishikwa na njaa atakula."

"Paka si mbuzi, shemeji. Siku moja nzima hajagusa kitu, unaulizia. Siku ya pili, unambeba. Wangu wa kwanza nilimngoja ashikwe na njaa. Nilimzika."

"Madaktari nawajua. Watamtazama, wataandika, wataenda kunywa chai."

"Basi nenda ukawaandikie wewe." Akamwaga nje vitambaa vilivyokuwa kwenye kikapu chake, akakisukuma miguuni pa fundi. "Mtie humu."

Wakubwa wa hospitali ndio waliomuua mke wake. Kila aliyekuja kuchongewa ufunguo aliondoka na ufunguo na hotuba hiyo juu yake. Siku tisa mke alilala wodini akipungua kama sabuni majini, na siku zote tisa faili likaandikwa: amekula. Fundi alipokwenda kulalamika, mkurugenzi hata kitini hakuinuka. "Mzee, kumbukumbu zinaonyesha mgonjwa alimaliza chakula chake." Waongo wakubwa! Amalize chakula mtu aliyebaki mifupa?

Daktari wa wanyama alikuwa binti wa umri wa kumzaa. Fundi aliingia amekunja uso, amejifunga kibwebwe kwa vita, asimwone wa kupigana naye. Binti alimpapasa Wifi tumbo, akamfunua ufizi.

"Ametapika, baba?"

"Hapana."

"Maji anakunywa?"

"Nadhani."

"Ameacha kula tangu lini?"

"Sasa nitajuaje? Bakuli lilikuwa tupu kila siku."

"Ulimwona akila, au uliliona bakuli?"

Fundi akafungua kinywa ajibu kwa ukali. Badala ya jibu ikamjia machoni sahani ya bati ya wodini, chakula kimepoa, na mke anaisukuma kwa vidole viwili. "Maliza wewe, mume wangu. Umetoka kazini na njaa. Wakiikuta imejaa watanigombeza." Naye, njaa kweli inamuuma, akamaliza. Siku ya kwanza kwa haya, ya tatu kwa mazoea. Alikuwa bado anajifuta mdomo muuguzi alipopita, akachungulia sahani, akaandika. Muuguzi hakuuliza. Yeye naye hakusema.

"Baba?"

"Bakuli," alisema, na sauti ikatoka ndogo. "Nililiona bakuli tu."

Daktari hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Paka asipokula, alieleza, mwili hugeukia mafuta yake wenyewe, na ini huelemewa na mzigo huo. La Wifi limeshaanza kuelemewa. Atamtundikia dripu, atamlisha kwa mpira wa puani, na kesho kutwa ndipo watakapojua kama anabaki au anaondoka.

"Mshike hapa begani. Usimbane."

Akamshika. Chini ya manyoya moyo ulidunda mbio mbio, mwepesi mno, kiasi kwamba aliogopa kuupoteza kati ya vidole vyake. Daktari alinyoa kipande cha mguu, akainama kutafuta mshipa. Akaukosa. Akajaribu tena.

"Daktari," fundi alisema, macho yake hayatoki kwenye sindano. "Mtu angesema mapema. Siku ile ya kwanza tu, angesema kwamba mgonjwa chakula hali mwenyewe. Angepona?"