Gamba la Bi Mkubwa

Nyoka mimi namwogopa, na hilo sijawahi kumficha mtu. Aliyekuwa hamwogopi ni marehemu mke wangu. Alikuwa mfagizi kwenye duka la wanyama wa kufuga, na siku tajiri wa duka alipofunga milango akapotea bila hata kuaga, mke wangu alirudi nyumbani na chatu wawili ndani ya foronya. Chatu wadogo, wa ile aina inayojikunja kama mpira ikishtuka, kichwa katikati. Jike, mnene, akamwita Bi Mkubwa. Dume, mwembamba, mwenye shingo ya mtu anayekaa ofisini kutwa, akamwita Karani.

"Sasa Bi Mkubwa ni huyu," nikamwambia. "Wewe je, ni nani humu ndani?"

"Mimi mwenye nyumba. Wewe ndiye mpangaji."

Alikuwa na mdomo huyo mwanamke. Mungu amrehemu. Alifia ngazini. Moyo ulimshika asubuhi, lifti ilikuwa mbovu tangu zamani, na kila tukimwendea meneja wa jengo jibu lake lilikuwa moja: subirini. Ndiyo maana tunamwita Bwana Subiri. Majirani walimbeba mke wangu kwenye kiti cha jikoni, ghorofa baada ya ghorofa, na kabla hawajafika chini kile kiti kilikuwa kimebeba maiti. Lifti mpaka leo imebandikwa karatasi: Samahani kwa usumbufu. Mke wangu ndiye usumbufu.

Baada ya matanga nilitaka kuwagawa wale nyoka. Mjukuu wangu akalia mpaka akapandisha homa. Huyu mjukuu tunamwita Njiti, kwa wembamba wake, na yeye na mama yake, binti yangu wa pekee, walikuwa wamehamia kwangu nisikae peke yangu nikaota kutu. Binti yangu anashona kiwandani, hurudi jioni. Mimi natoka kiwanda cha mikate mchana, kwa hiyo mtoto ni wangu mpaka mama yake arudi. Hakuna kingine kinachonifanya nivae viatu asubuhi.

Binti yangu akakubali nyoka wabaki, ila kwa sharti. Alinitazama usoni.

"Baba, siku nyoka akitoka kwenye boksi lake, mimi na mwanangu tunatoka kwenye nyumba hii. Sitauliza ilikuwaje."

"Hawatatoka."

"Sijasema watatoka. Nimesema siku wakitoka."

Basi yakaja majira ya baridi. Bwana Subiri akaamua kwamba transfoma imechoka, akawa anakata umeme wa jengo zima usiku na kuurudisha asubuhi. Kwake yeye umeme haukatiki, taa zinaonekana kutoka barabarani. Nyoka bila joto ni kamba tu. Usiku wanapoa, mchana wanapata moto, usiku wanapoa tena. Halafu ile sahani ya umeme inayopasha joto boksi la kioo la Karani ikaungua kabisa, ikapasua na kioo.

Mimi nimefanya kazi ya tanuri tangu nina ndevu tatu. Kwetu kiwandani tanuri moja likifa, humwiti mtu wala huombi ruhusa: unga wote unaingia kwenye lile zima, mikate inabanana, maisha yanaendelea. Nikafanya hivyo hivyo. Nikavaa glavu zangu za tanuri, zile zinazofika kiwikoni, nikageuza uso pembeni, nikammimina Karani kwenye boksi la Bi Mkubwa. Mke wangu alikuwa akiwaweka mbali mbali. Nilidhani ni mambo ya usafi.

Kesho yake Njiti akasema, "Babu, wamefungana mikia."

"Wanaona baridi. Njoo ule."

Kuanzia hapo wale nyoka hawakuwa wale tena. Bi Mkubwa, aliyekuwa halali ila upande wa joto, akahamia kwenye bakuli la maji akalizungushia mwili kama mtu anayekumbatia mtungi. Tumbo likajaa katikati. Siku moja nachungulia, namkuta amelala chali, tumbo jeupe juu, nikajua amekufa. Nikagonga kioo. Akageuza kichwa pole pole, akanitazama, akapuliza pumzi ndefu kama gurudumu linalotoboka. Miguu yangu yote miwili ikarudi nyuma bila kuniuliza.

Karani naye akakataa chakula. Panya nimemtoa kwenye barafu, nimempasha kwenye maji ya moto, nimemning'iniza kwa koleo jinsi nilivyomwona marehemu akifanya, na Karani anampita kama anapita nguzo. Kazi yake ikawa kutembea. Juu ya kioo, chini ya kioo, pua kwenye kona, ulimi nje, mpaka pua ikachubuka. Huyu ni nyoka aliyekuwa akijikunja pembeni wiki nzima mpaka unasahau kama yupo.

Jirani wa chini, Mama Pacha, ndiye aliyenimaliza. Tulikutana ngazini.

"Baba Mkwe," aliniita hivyo kwa utani, kwamba pacha wake mmoja ataoa kwangu, "nasikia nyoka wako amekataa panya."

"Amekataa."

"Mtu akikataa dagaa mezani si kwamba hana njaa. Ana habari za nyama jikoni." Akaangua kicheko. "Hebu mtazame Njiti vizuri, asije akawa mfupi kidogo kila siku."

Yeye akacheka akaenda zake. Tangu siku ile kila Njiti akipita mbele ya boksi nilikuwa natazama yule nyoka anageuza kichwa upande gani.

Nikampigia daktari wa wanyama. Binti mwenye sauti ya upole, lakini ya kuharakisha. Nikamweleza yote: bakuli, tumbo chali, kupuliza, kutembea, njaa isiyokula.

"Mzee, hao hawaumwi. Ni msimu wao wa kupandana. Umewaweka pamoja?"

"Nimewabananisha tu, kwa ajili ya joto."

"Umewaozesha. Jike anajenga mayai, ndiyo maana anatafuta ubaridi wa bakuli na kulala vile. Dume msimu huu hali chakula, anatafuta jike tu. Na ni usiku wa baridi na mchana wa joto unaowaamsha. Wafugaji wanafanya hivyo makusudi."

"Basi aliyewaozesha si mimi. Ni Bwana Subiri."

Hakumjua Bwana Subiri, akacheka tu kwa adabu. Akasema niwatenganishe, jike apumzike, na kifuniko cha dume nikifunge kweli kweli. "Msimu huu ana nguvu usizomjua nazo. Harufu ya jike ataifuata popote ilipo."

Nikamtia Karani kwenye kreti la plastiki nililopewa kazini, la kuchachulia unga, nikafunika, nikaweka tofali kwenye kona. Kiwandani tunaweka hivyo hivyo, tofali moja kwenye kona, na unga haujawahi kukimbia.

Siku chache baadaye Bi Mkubwa akajivua gamba. Likatoka zima, kuanzia pua mpaka mkia, kama soksi ya mtu mrefu. Njiti akaruka ruka.

"Babu nipe! Ni gauni lake la zamani."

"Chukua. Usiliweke karibu na chakula."

Nililishika kwa ncha ya vidole nikampa. Hata gamba tupu lilinisisimua mwili.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Nilimtoa Njiti shule, njia nzima anapiga chafya. Nikampa chai, nikamlaza, nikamfunika blanketi mbili. Akalala hapo hapo. Nikaenda kutundika aproni yangu nyuma ya mlango, na mguu wangu ukagonga kitu.

Tofali. Lilikuwa sakafuni. Kifuniko kimeinuka upande mmoja, upana wa ngumi tu, na ndani ya kreti kuna magazeti na bakuli.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Nikafunga mlango wa barazani. Nikapiga magoti, mimi mwenye magoti haya, nikachungulia chini ya jiko: mende na kijiko kilichopotea. Nyuma ya friji: waya mweusi, nikapiga ukelele kabla sijaona kwamba ni waya. Nikaziba mdomo mwenyewe. Mama Pacha akinisikia atapanda, akipanda atajua, akijua yeye basi Bwana Subiri anajua kabla ya chai kupoa, na huyo kwa kufukuza watu hana subiri hata moja. Lakini hata hayo siyo yaliyonitisha. Nilikuwa naisikia sauti ya binti yangu: sitauliza ilikuwaje. Niliona tayari begi la shule la Njiti limetoka kwenye msumari wake, na msumari umebaki.

Bi Mkubwa alikuwa kwenye boksi lake, amekumbatia bakuli, mnene, mpya, anang'aa. Nilijua Karani atakuwa hapo, anazunguka kioo. Hakuwepo. Nikampigia tena yule daktari.

"Dume ametoka," nikasema. "Nimetafuta kwa jike, hayupo."

"Tulia, mzee. Hamwezi mtu mzima huyo."

"Ndani kuna mtoto amelala!"

Akauliza: "Jike amejivua gamba karibuni?"

"Amejivua."

"Gamba lile lina harufu kuliko jike mwenyewe aliyefungiwa. Umelitupa wapi?"

Simu niliiacha mezani, sauti yake inaita mzee, mzee, na mimi niko mbele ya mlango wa chumba, mkono kwenye kitasa. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mimi ndiye niliyeuacha hivyo, nimsikie akikohoa.

Njiti alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, shavu kwenye mto. Na foronya, kwenye ile ncha iliyo wazi, ilikuwa inacheza. Kitambaa kilipanda, kikashuka, kikapanda tena karibu na sikio lake. Ncha ya gamba la Bi Mkubwa ilichungulia nje, nyembamba, kama karatasi ya kufungia peremende. Mtoto alikuwa amelitunza humo.

Nilitaka kukimbilia glavu. Lakini glavu ziko jikoni, na jikoni ilikuwa mbali kuliko kuzimu. Nikaingia. Nikatia mkono mtupu ndani ya foronya.

Baridi. Laini, si utelezi nilioufikiria maisha yangu yote. Kama mkanda wa ngozi ulioachwa nje usiku. Ukakaza. Nikafumba macho nikivuta, nikisema jina la mke wangu kama dua, na yule nyoka akatoka na gamba limemsokota. Nikangoja aniume. Badala yake akajikunja kwenye kiganja changu, kichwa katikati, mpira mzima. Moyo wake, au wangu, ulikuwa unagonga kwenye vidole vyangu. Nadhani alikuwa ananiogopa.

Njiti akafungua macho.

"Babu," akasema kwa sauti ya mafua, "umemshika bila glavu."

"Usitikisike."

"Ni Karani tu." Akanitazama vizuri. "Babu, unalia?"

"Ni moshi."

"Moshi uko wapi?"

Hapo ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa nje. Siku hiyo kiwandani kwao umeme pia ulikatika, wakaachiwa mapema. Njiti akakaa kitandani, macho yamemtoka, akanong'ona:

"Mfiche kwenye shati! Tumwambie mama nilikuwa naota. Sisemi, Babu, naapa."

Naungama neno, nilimpenda kwa kiapo kile. Na nafasi ilikuwepo. Kreti liko hatua chache, tofali juu, uso mkavu, mambo shwari. Ndivyo walivyotuambia wale wa jengo kuhusu lifti, subirini, mambo shwari, mpaka kile kiti cha jikoni kikapita ngazini. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba na yule nyoka mkononi, mpaka binti yangu akatokea mlangoni.

Alimtazama nyoka. Akatazama mto. Akakaa kitandani taratibu, akamvuta mwanawe kifuani, akampapasa shingo, mikono, miguu, kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Alikuwa wapi?"

"Ndani ya foronya yake," nikasema. "Amefuata gamba. Gamba nililitoa mimi, na kona ile niliiwekea tofali moja."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nilikuambia, Baba."

"Uliniambia."

"Shika chini ya tumbo," akasema, sauti imekauka. "Usimning'inize. Mama alikuwa anashika chini ya tumbo."

Jioni ile ile wakaenda kwa shangazi yake, dada yangu. Njiti alilia ngazi zote, naye mama yake kwenye kona ya mwisho ya ngazi akageuka akaniambia: "Jike akishataga na huyo dume akitulia, nitamrudisha Njiti. Si kabla."

Kwa hiyo sasa mimi ndiye mkunga. Umeme ukikatika najaza chupa maji ya moto nampangia Bi Mkubwa, maana mayai yakiharibika sijui msimu utaisha lini. Simgusi. Akipuliza, bado miguu inarudi yenyewe. Gamba nimemwekea Karani ndani ya kreti, apate cha kunusa, na juu nimepanga matofali kila kona, na katikati moja.

Begi halipo kwenye msumari. Nyumba imekuwa kimya hivi kwamba nasikia ulimi wa nyoka, au nadhani nasikia. Mchana wa leo nilikuwa nimekaa nakula mkate mkavu, mara tofali la kona likasogea. Kidogo tu, kwa kusaga.

Nikaacha mkate. Nikaenda nikaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko, vitupu, bila glavu, nikasukumwa kutoka chini.

"Subiri," nikamwambia. Neno likanitoka hivyo hivyo. "Subiri, bwana harusi."

Na nikabaki pale, nimekandamiza.