Nywele Zangu Ndani ya Hakurei Maru

Kikapu kilipofika mikononi mwangu, nilikizuia.

Wanawake wa bandari ya Moji, Japani, tulipakia makaa ya mawe kwa mikono, tumejipanga kwenye ngazi ubavuni mwa meli, kikapu kikipita kwa huyu na yule. Mmoja akisimama, wote wanasimama. Msimamizi Onizuka alilijua hilo, akaja mbio.

“We mama, umelala? Pitisha.”

“Hii ni Hakurei Maru.”

“Soma hapo mbele. Shinsei Maru. Mpya.”

Mpya! Meli iliyobeba farasi wa vita vyetu na Warusi, ikakwama mwambani, ikanasuliwa; kovu lake la ubavuni nililijua. Kisha makaa yake yakashika moto baharini. Nahodha akaamuru milango ya stoo ya makaa ifungwe, moto ukose hewa. Mume wangu Kamekichi na wenzake walikuwa ndani na sepeto zao. Meli ikapona. Wenye meli wakaipaka rangi na kuibadilisha jina, maana nani angekubali kazi kwenye meli ya wafu?

Nimezeeka, na hasira ile haijapoa.

Roho inayolinda meli ni ya kike, nayo hupewa nywele za mwanamke. Kamekichi alipoajiriwa nilikata zangu, akazificha nyuma ya kibao cha sala karibu na tanuri. Sikuwa na mfupa wa kuzika. Nilizitaka nywele zile.

“Niache niingie nikachukue nywele alizoficha mume wangu,” nilimwambia Onizuka.

“Mumeo hakufia humu. Meli hii haijaua mtu.”

Juu yangu bibi Ran, tuliyemtania kila siku kwa uvivu, akakaa kwenye ngazi.

“Miguu inaniuma,” akasema. “Itapona dada huyu akirudi.”

Ngazi nzima ikakaa. Onizuka akatazama maji. Mkondo ulikuwa karibu kugeuka, na meli ilipaswa kuondoka nao.

“Nenda. Upesi.”

Kibao kilikuwa palepale, kimepakwa rangi pamoja na ukuta. Nikakibandua kwa kucha. Nywele zilinuka moshi. Mlango wa stoo nao ulikuwa mweupe, ila upande wa ndani rangi haikuweza kuficha mabonde yaliyochimbwa na sepeto.

Nikarudi kwenye ngazi. Nilikuwa na watoto wa kulisha, kwa hiyo nikapitisha kikapu.

“Hakurei Maru,” nikamwambia bibi Ran nikimpa.

“Hakurei Maru,” akamwambia wa juu yake.

Hivyo kila kikapu, mpaka jina likafika sitahani, walikosimama wachochea moto wapya. Tulipokuwa tukikung'uta nguo, wawili kati yao walishuka na mizigo yao.