Korosho Zilizoelea

Ripoti ya Kondo ilirudishwa kwa posta hadi kijijini kwao Mitole, zikiwa zimebaki siku tisa arejee Makerere. Juu yake mwalimu wa mimea alikuwa ameandika: "Kitabu hiki ninacho. Wewe uliona nini?" Asipoiandika upya, asingeingia mwaka wa pili.

Kondo aliumia. Alikuwa amekifuata kitabu bila kukosea, kama alivyozoezwa utotoni katika chuo cha Kurani: msomaji akitofautiana na ukurasa, anayejirekebisha ni msomaji.

"Hebu nisomee," alisema shangazi yake, Bi Mwahija, akibangua korosho barazani.

Kondo alisoma, akiyageuza ya Kiingereza kuwa Kiswahili. Alipofika "mbegu mia za korosho zilipandwa, zikaota sabini," shangazi aliacha kubangua.

"Sabini za wapi?"

"Za shambani kwetu, shangazi."

"We Kondo! Maji ya kumwagilia nilibeba mimi, kwa kichwa hiki. Tulihesabu sote sitini na tatu. Hizo saba umeziotesha kwenye karatasi?"

Kondo alicheka kwa aibu. "Kitabu kinasema sabini. Nilidhani tuliokosea ni sisi."

"Aliyekiandika alifika Mitole?"

"Hakufika."

"Basi kasema ya kwao. Na mtungi wangu umo humo?"

Haukuwamo. Kabla ya kupanda, shangazi alizitia mbegu katika mtungi wa maji, kama wafanyavyo wanawake wa pale, akazitenga zilizoelea ili azitupe. Kondo, kwa ubishi, alizipanda nazo: safu ya hamsini zilizozama, na ya hamsini zilizoelea. Baadaye aliyaona hayo mambo ya jikoni, yasiyostahili ripoti.

Sasa alilitafuta daftari lake la shambani. Zilizozama, ziliota arobaini na nne. Zilizoelea, kumi na tisa. Kitabu hakikuwa na neno juu ya hilo. Hapakuwa na ukurasa wa kumsahihisha, na woga alioupata ulichanganyika na furaha.

Aliandika kwa siku sita. Hesabu ya kitabu aliiweka kando ya yake, bila ugomvi. Pale asipojua sababu aliandika "bado sijui", maneno yaliyomgharimu kuliko yote. Mwishoni alimtaja aliyemfundisha kutenga mbegu kwa maji: Bi Mwahija binti Abdurahmani.

"Jina langu lifike Uganda?" shangazi alishangaa. "Basi andika na kwamba ulinibishia."

Kondo alichovya kalamu, akaongeza: "Safu ya pili ilipandwa kwa kuwa mwandishi wa ripoti hii hakuamini."