Kiganja cha Mke Wangu

Kabla ya kufungua mgahawa wetu ugenini, afisa wa leseni alitaka aandikiwe kipimo cha chumvi kwa gramu. Bila hicho, hatufungui. Mimi niliyejifunza lugha yao shule ya usiku nilishaandika: gramu kumi na mbili kwa sufuria.

"Umezitoa wapi hizo, baba watoto?" mke wangu akauliza.

"Kwenye hesabu."

"Tangu lini hesabu ikapika?"

Afisa akaniuliza mama anasema nini. Nikamwambia ananiunga mkono. Hakuniamini, akatoa mizani ndogo mkobani.

Mke wangu akachota chumvi kwa kiganja: kumi na tisa. Akachota tena, huku akinikata jicho: kumi na tisa. Mara ya tatu akageuza uso ukutani: kumi na tisa.

Nami nikajaribu. Nikapata saba, kisha thelathini na moja.

"Pole, msomi wangu," akasema, akicheka hadi khanga ikamdondoka.

Leseni tukapewa palepale, jina la mpishi likiwa lake. Afisa akauliza, basi mimi kazi yangu ni nini? Mke wangu, asiyejua hata neno moja la lugha ile, akanyoosha kidole kwenye sinki.

Ndivyo nilivyoandikwa, kwa muhuri wa serikali.